Picha Imegoma Kuinuka: Maswali ya Walimu Kuhusu Kupaka Rangi kwa AR

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu programu zile ambazo mtoto anapaka rangi mchoro kwenye karatasi ya kawaida, kisha kamera ya kishikwambi ikielekezwa pale, mchoro unainuka kwenye kioo ukiwa na rangi zilezile alizozipaka, na kuanza kutembea, kuruka au kulipuka. Kitaalamu ni uhalisia ulioongezwa, kwa Kiingereza augmented reality. Walimu wengi wanasema AR tu, nasi tutasema hivyo. Programu inayotajwa zaidi katika barua ni Quiver ya New Zealand, kwa hiyo mifano kadhaa ni yake, lakini majibu yanafaa kwa programu zote za aina hiyo.

Nilipakua ukurasa wa volkano, nikamtumia mwenye steshenari kwa WhatsApp, akanitolea nakala 80. Nyumbani simu yangu iliinua picha hiyo kutoka kwenye kioo cha kompyuta bila shida. Darasani nakala karibu zote zimegoma. Je, programu imeharibika?
*Mwalimu wa Darasa la Nne, Singida*

Programu ni nzima, Mwalimu. Kilichoharibika ni karatasi, na huenda iliharibikia WhatsApp kabla hata ya kufika kwenye mashine.

Kamera haijui volkano ni nini. Inachotafuta ni kona ndogondogo nyingi: pale mstari mweusi unapokatana na mwingine, ncha ya jani, pembe ya fremu nene inayozunguka ukurasa. Mpangilio wa kona hizo umehifadhiwa ndani ya programu, na kamera inaulinganisha na kile inachokiona mezani. Kona zikififia au zikizibwa, ulinganisho unashindikana na picha haiinuki.

Sasa fuata safari ya ukurasa wako. Ukituma kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na mistari myembamba inapata ukungu. Tuma kama hati, faili la PDF lenyewe. Mwenye steshenari akilibandika kwenye Word na kulivuta lijaze karatasi, uwiano wa urefu na upana unabadilika. Programu inaweza kuutambua ukurasa lakini ikadhani umeinamishwa, na mlima ukasimama upande kama mti uliosukumwa na upepo. Kurasa nyingi zimetengenezwa kwa karatasi ya Marekani ya milimita 216 kwa 279, wakati A4 yetu ni 210 kwa 297. Mwambie achague kutosheleza ukurasa bila kuunyoosha; mistari ya weupe itakayobaki juu na chini haina madhara.

Kisha mashine ya fotokopi. Mashine nyingi hazichapi mpaka ukingoni. Zinaacha milimita nne au tano, na mara nyingi hapo ndipo fremu ilipo. Agiza ukurasa upunguzwe hadi asilimia 95. Wino wa unga ukiwa umekaribia kwisha, mistari inatoka ya kijivu. Ukiwa umezidishwa, karatasi nzima inapata vumbi la kijivu na mistari inavimba. Kosa kubwa kuliko yote ni kutoa nakala kutoka kwenye nakala: kufikia kizazi cha tatu, vijitundu vya mchoro vimeshajaa wino na zile kona hazipo tena. Weka nakala mama moja kwenye bahasha ya plastiki, isipakwe rangi, na nakala zote zitolewe kwake.

Toa nakala moja tu kwanza. Ijaribu ikiwa nyeupe. Ikiinuka, ipake rangi nzito kuliko mtoto yeyote atakavyopaka, kisha ijaribu tena. Ikiinuka mara ya pili, ndipo uagize zile 79.

Nakala ulizonazo usizitupe. Pitisha kalamu nyeusi ya wino juu ya fremu na mistari mikuu ya kurasa tano au sita, kwa uangalifu, uone. Baadhi zitafufuka.

Mtoto mmoja alipaka fremu yote nyeusi kwa krayoni na kuandika jina lake kubwa juu ya mchoro. Yake haikuinuka, akalia. Nimwambie nini?
*Mwalimu wa Awali, Tanga*

Mwambie jina linaandikwa nyuma ya karatasi, kwa penseli. Kalamu ya maka ingepenya upande wa pili. Krayoni nyeusi ibaki kwenye boksi, au itumike sehemu ndogo tu, kwa sababu inafunika mistari ambayo kamera inaitegemea. Rangi za buluu iliyoiva na kahawia iliyoiva zina tabia hiyohiyo zikikandamizwa. Kama ukurasa una msimbo wa QR pembeni, usipakwe rangi wala kukatwa. Na rangi iliyovuka mstari haiui picha. Kwa kawaida programu inachukua kilicho ndani ya umbo na kuacha cha nje, kwa hiyo asiogope.

Huyo aliyelia mpe nakala nyingine. Kwa darasa la watoto 40, kurasa tano za akiba zinatosha.

Nina kishikwambi kimoja, kile tulichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022. Wanafunzi ni 74, kipindi ni dakika 40. Inawezekana au nijisumbue bure?
*Mwalimu wa Darasa la Tano, Kahama*

Inawezekana, ila usijaribu kuwafikisha wote 74 kwenye kioo mmoja mmoja. Mtoto mmoja akichukua dakika moja tu, hiyo ni saa nzima na robo, na wanaosubiri watakuwa wameshaanza vita vya krayoni.

Gawa makundi 12: kumi ya watoto sita na mawili ya watoto saba. Kila kundi lipate ukurasa mmoja na boksi moja la krayoni 12, kila mtoto akabidhiwe rangi mbili. Hakuna anayeweza kumaliza picha bila mwenzake, na hakuna anayekaa bila kazi. Yule wa saba anashika orodha ya sehemu na kuhakiki. Umetumia karatasi 12 badala ya 74, na hilo mkuu wa shule atalipenda kabla hujamweleza jambo lingine.

Tumia vipindi viwili. Cha kwanza ni cha karatasi: dakika tano za maelezo, 25 za kupaka, 10 za kuandika utabiri, yaani kitu gani wanadhani kitasogea, na kwa nini. Cha pili ni cha kioo: dakika mbili kwa kundi, jumla 24, wengine wakiandika. Dakika 16 zinazobaki ni za mjadala. Walimu wanaobana yote kwenye kipindi kimoja huishia kukata upakaji rangi katikati, na picha zenye nusu nyeupe zikiinuka watoto wanacheka badala ya kuangalia.

Kishikwambi kisitembee darasani. Panga marundo mawili marefu ya vitabu mezani, kilaze juu yake kamera ikichungulia nje ya ukingo na kutazama chini, kama sentimita 35 kutoka mezani. Kiegemeze kwa kitabu kingine kizito upande wa nyuma kisipinduke. Weka karatasi chini ya kamera, isogeze mpaka kona zote nne zionekane kwenye kioo, kisha bandika vipande vinne vya selotepu mezani kuonyesha mahali pake. Kuanzia hapo karatasi ndizo zinazotembea. Mikono haitetemeki, kifaa hakianguki, na kila kundi linaweka karatasi kwenye alama bila kukuita. Hasara yake ni moja: hamwezi kulizunguka umbo kuliona kwa nyuma, isipokuwa mzungushe karatasi yenyewe polepole. Kwa volkano inatosha.

Vishikwambi vya bei ya chini mara nyingi vina kamera isiyojirekebisha ukali wa picha. Ukiisogeza karibu, kila kitu kinakuwa ukungu. Ukiona hivyo panda hadi sentimita 45 au 50, na usipunguze kurasa kuwa A5 ili kubana matumizi ya karatasi. Kutoka umbali huo A5 ni ndogo mno. Na futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kuanza. Inaonekana jambo dogo, lakini lenzi yenye mafuta ya vidole imewahi kulaumiwa kama intaneti mbovu.

Betri je? Kamera, kioo na umbo la pande tatu vikifanya kazi pamoja vinakula chaji haraka na kupasha kifaa moto. Kikizidi joto, kitapunguza kasi chenyewe na picha itaanza kukatakata. Vua kava la mpira, punguza mwanga wa kioo hadi nusu, zima kamera kati ya kundi na kundi, na usiweke kifaa dirishani kwenye jua.

Shule yetu haina intaneti kabisa. Programu hizi zinafanya kazi?
*Mwalimu, Rufiji*

Nyingi zinafanya kazi, mradi umbo lenyewe liwe limeshapakuliwa. Wanaokwama ni wale wanaopakua programu mjini na kudhani wamemaliza. Programu ni kabati tupu. Volkano, seli au dunia vinapakuliwa vyenyewe, kimoja kimoja au kwa mafungu, pale unapouchagua ukurasa au kamera inapouona mara ya kwanza.

Kwa hiyo ukiwa na bando fanya hivi: fungua programu, elekeza kamera kwenye kila ukurasa utakaoutumia, subiri umbo liinuke kabisa. Kisha washa hali ya ndege, funga programu, ifungue upya, jaribu tena kurasa zote. Zilizoinuka ndizo utakazokwenda nazo shuleni. Usisasishe programu usiku wa kuamkia kipindi, kwa sababu sasisho linaweza kukutaka upakue maumbo upya. Acha pia nafasi ya kutosha kwenye memori. Kifaa kilichojaa video za harusi kitakataa bila kukuambia sababu inayoeleweka.

Kuhusu kifaa chenyewe: programu zinazoinua umbo kutoka kwenye ukurasa uliochapishwa hazina masharti makali kama zile zinazoweka simba katikati ya sakafu yoyote. Hizo za sakafu hutaka vifaa vilivyoidhinishwa kwa ARCore, mfumo wa AR wa Google, na duka la programu huzificha kama kifaa chako hakimo. Ukiona programu fulani haionekani kabisa dukani kwako wakati mwenzako anayo, mara nyingi sababu ndiyo hiyo.

Watoto wanapaka rangi ya chungwa, kwenye kioo inatoka kama matope. Wengine picha zao zina mabaka meupe.
*Mwalimu wa Sanaa, Morogoro*

Mabaka meupe ni mng'ao. Krayoni za nta zikikandamizwa zinaacha tabaka linalorudisha mwanga, na pale mwanga unapopiga kamera inaona nyeupe. Ndiyo maana kuwasha tochi ya simu kunaharibu badala ya kusaidia, na kupitisha ukurasa kwenye laminesheni ni kuharibu kabisa. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, wala si mbele ya kamera. Penseli za rangi hazing'ai, ila zikipakwa juujuu zinatoka zimepauka. Wafundishe kupitisha mara mbili kwa mielekeo miwili.

Matope yana sababu nyingine. Kamera hujaribu kukisia nyeupe ni ipi, na darasa lenye pazia la kijani au paa lenye karatasi za plastiki za rangi linaipotosha. Sogea kwenye mwanga wa mchana usiopita kwenye kitambaa, au karibu na mlango. Chunguza vivuli pia: watoto kumi wakiinama juu ya meza, ukurasa uko gizani, kamera inapunguza kasi na picha inajaa ukungu. Wasimame pande tatu tu, upande wa dirisha ubaki wazi.

Wanafunzi wangu wameniuliza swali nikakosa jibu: kwenye karatasi ndege anaonekana upande mmoja, sasa ile rangi ya upande wa pili kamera imeitoa wapi?
*Mwalimu wa Gredi ya 3, Kilifi*

Hongera kwa kuwa na watoto wanaouliza hivyo, Mwalimu. Kamera inanyoosha picha ya ukurasa kana kwamba imetazamwa kutoka juu kabisa, kisha inaikata na kuivalisha umbo, kama fundi anavyokata kitambaa na kukishona kwenye mwili. Sehemu ambazo hazikuchorwa lazima zipate kitambaa kutoka mahali fulani, na hilo liliamuliwa na aliyebuni ukurasa. Njia rahisi ni ya kioo cha kujitazamia: upande wa kulia unakopi wa kushoto. Njia nyingine ni kuuchora ukurasa ukiwa na pande zote mbili, mbele na nyuma, kila moja ipakwe rangi.

Njia hizo zina kasoro, mshono kuonekana pale rangi mbili zinapokutana vibaya. Mwaka 2015 watafiti wa Disney Research na wenzao wa Uswisi walichapisha utafiti kuhusu tatizo hilihili: jinsi ya kuchagua, kwa kila doa lililofichika, ni sehemu gani ya mchoro ikopiwe ili mshono usionekane, na yote yafanyike papo hapo mtoto akiendelea kupaka.

Wape jaribio. Wapake bawa moja mistari na jingine madoa, au jicho moja jekundu, kisha wamzungushe ndege kwenye kioo na kuandika kila sehemu imekopiwa kutoka wapi. Kipindi kizima kinaisha na hamjagusa kitabu, ila wamejifunza ulinganifu.

Mkuu wetu anasema huu ni mchezo wa simu, hauna somo ndani yake. Nimjibuje bila kumkosea adabu?
*Mwalimu wa Gredi ya 5, Nakuru*

Ana haki nusu. Umbo likiinuka, watoto wanapiga kelele ya furaha kwa dakika moja hivi, kisha wanataka lingine. Ukiwapa lingine, na lingine, huo ni mchezo wa simu. Somo liko kwenye rangi walizolazimika kuzichagua kabla kamera haijafunguliwa. Kwa hiyo usimwonyeshe mkuu kishikwambi. Mwonyeshe ukurasa uliopakwa pamoja na ufunguo wa rangi ulioandikwa nyuma.

Chukua volkano. Kabla ya krayoni, darasa likubaliane ufunguo: chemba ya magma rangi moja, bomba rangi nyingine, kreta, tabaka za majivu, tabaka za lava iliyoganda. Mtoto asiyejua bomba linaishia wapi hawezi kupaka, na hapo unaligundua kosa lake kabla hujasahihisha daftari lolote. Mlima ukiinuka na kulipuka, kila kundi lisimulie mlipuko kwa majina ya sehemu, kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu. Kisha swali gumu: kwa nini wote mmepaka lava nyekundu?

Hapo mna mfano ambao nchi nyingine hazina. Ng'ambo ya mpaka wenu, upande wa Tanzania karibu na Ziwa Natron, kuna Ol Doinyo Lengai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina ya natrokabonati, yaani yenye kabonati ya sodiamu kwa wingi. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selisiasi, nusu tu ya lava nyingi za kawaida. Mchana inatoka nyeusi au kahawia kama matope ya mtoni, na ikishakutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Wape karatasi ya pili, wapake upya kwa rangi za Lengai, wainue mlima tena. Programu italipua kwa namna ileile kwa sababu haijui tofauti. Watoto watajua, na watakuambia programu imekosea. Mkuu akiingia wakati huo, barua hii haitakuwa na kazi.

Seli ya mmea nayo ni nzuri ila ina mitego. Watoto hupaka yote kijani kwa kuwa ni ya mmea. Ufunguo wako useme kijani ni ya kloroplasti peke yake. Saitoplazimu na vakuoli viachwe vyeupe au vipewe rangi nyepesi sana, na ufafanue kwamba rangi za kiini na ukuta ni za kutusaidia kuzitofautisha, hazimo kwenye seli halisi. Mtego wa pili ni ukubwa. Kwenye kioo seli inatosha kiganja, na mtoto anaondoka akiamini hivyo. Mwambie achore mstari wa milimita moja daftarini: hapo zinapangika seli za mmea 10 hadi 100.

Moyo ni vilevile. Vitabu vinapaka buluu mishipa inayorudisha damu, na watoto wanatoka wakisema damu ina rangi ya buluu. Damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyoiva. Tumia nyekundu mbili, kali na iliyoiva, hata kama kitabu kinasema vingine.

Tuna projekta na kompyuta mpakato, ila simu yangu haina tundu la HDMI. Nilinunua waya wa USB-C kwenda HDMI, haukuonyesha kitu.
*Mwalimu wa TEHAMA, Mbeya*

Waya huenda ni mzima. Simu nyingi za bei ya kati hazitoi picha kupitia tundu hilo hata liwe na umbo sawa. Linapitisha chaji na mafaili tu.

Pitia kompyuta. Kuna programu ya bure iitwayo scrcpy inayoonyesha kioo cha simu ya Android kwenye kompyuta kwa waya wa USB, bila intaneti, kuanzia Android 5. Ipakue kwenye kompyuta. Kwenye simu nenda Mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara saba. Chaguo za wasanidi programu zitafunguka. Ndani yake washa utatuzi wa USB. Chomeka waya, kubali ombi litakalotokea kwenye simu, endesha scrcpy, kisha unganisha kompyuta na projekta kama kawaida. Kwa Android 11 na kuendelea unapata na sauti. Ikiwa kompyuta haiioni simu kabisa, badilisha waya kwanza. Nyaya nyingi za dukani ni za chaji tu. Ukimaliza zima utatuzi wa USB.

Tatizo litakalofuata nalitaja mapema: projekta inataka giza, kamera inataka mwanga. Mkifunga mapazia yote picha haitainuka. Fungeni ya upande wa ukuta wa projekta, meza ya karatasi ikae kwenye dirisha la upande mwingine.

Watoto wamechoka na kurasa za kupakua. Wanataka kuchora samaki wao wenyewe na kumwona anaogelea.
*Mwalimu, Ukerewe*

Programu za aina ya Quiver haziwezi, kwa sababu lazima mpangilio wa kona za ukurasa na umbo lake viwe vimeandaliwa kabla. Samaki wa mtoto hazimjui.

Kilicho karibu ni Animated Drawings ya kampuni ya Meta, ipo kwenye tovuti tangu 2021. Unapiga picha mchoro wa mtoto, unaupakia, unasahihisha mpaka wake na viungo, nao unacheza na kuruka. Haiinui kitu juu ya karatasi, kwa hiyo siyo AR, na inahitaji intaneti. Pia ilitengenezwa kwa michoro yenye umbo la mtu: kichwa, mikono miwili, miguu miwili. Samaki atapata tabu, labda wamchore na miguu, jambo ambalo watoto hawatalipinga. Mchoro uwe kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, mikono isiguse kiwiliwili, na pasiwe na kivuli. Tovuti inauliza kama unaruhusu mchoro utumike kwenye utafiti. Unaweza kukataa na bado ikafanya kazi.

Assalaam alaykum. Mwalimu wa mwanangu anatuma picha za kipindi hicho kwenye grupu la wazazi, na sura za watoto zinaonekana nyuma ya volkano. Pia hiyo programu inaomba ruhusa nyingi. Nina haki ya kuuliza?
*Mzazi, Zanzibar*

Waalaykumu salaam. Unayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinagusa taarifa za watoto. Lakini anza kwa maneno mema na mwalimu, kwani dawa ni nyepesi: arekodi kwa kitufe cha ndani ya programu kamera ikiwa inatazama chini mezani, na watoto wasimame nyuma ya kifaa.

Ruhusa: kamera ni ya lazima, kuhifadhi picha kunaeleweka, maikrofoni ni kwa anayerekodi sauti tu. Mahali ulipo na orodha ya namba za simu havihusiani kabisa na kupaka rangi. Vikataliwe kwenye Mipangilio, na programu ikikataa kufunguka bila hivyo, iondolewe. Kama inadai akaunti, iwe moja ya mwalimu. Majina ya watoto yasiingizwe.

Mwanafunzi wangu mmoja anapaka majani rangi ya kahawia kila mara na anashangaa wenzake wakicheka.
*Mwalimu wa Darasa la Pili, Bukoba*

Huenda hatofautishi nyekundu na kijani. Wako watoto wa namna hiyo, wengi wao wavulana, na mara nyingi hawajui. Usimpime mbele ya darasa. Andika jina la rangi kwenye kila krayoni kwa kipande cha selotepu ya karatasi, kwa boksi zote ili yake isiwe tofauti, na kwenye ufunguo wa rangi ongeza alama: nukta kwa kijani, mistari kwa nyekundu. Alama hizo zitaonekana hata umbo likiinuka, kwa sababu kamera inachukua mistari yake kama inavyochukua rangi. Zungumza na mzazi wake faragha, na mshauri ampeleke kwenye kliniki ya macho.